Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja aliyeijua nguvu ya picha

NYUSO nne zimetokeza gizani. Mmoja wao ameinua kichwa, amekunja mikono kifuani na kufumba midomo. Huyo ni Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, katika picha iliyopigwa mwanzoni mwa mwaka 1974.

Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India; baba yake alikuwa keshia wa Mahakama Kuu. Alisoma shule ya bweni huko Panchgani, India, akarejea Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia ilihamia Uingereza.

Huko alisomea usanifu wa michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing. Queen ilipoanzishwa mwaka 1970, yeye ndiye aliyelipa kundi jina na kulichorea nembo.

Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1973, haikuvuma. Ili ya pili isipite kimya, walimwendea Mick Rock, mpiga picha aliyekwishajipatia sifa kwa picha za David Bowie. Rock alimwonyesha Mercury picha ya mwigizaji Marlene Dietrich katika filamu ya Shanghai Express ya mwaka 1932, uso wake ukiangazwa kutoka juu. Wenzake walisita, wakiona ni majivuno. Mercury aliipenda, akashikilia msimamo wake.

Mtu huyo aliyejitokeza kwa madaha alikuwa na lake la kuficha. Meno manne ya ziada yalisukuma ya mbele nje, na mara nyingi aliyafunika kwa mdomo au kiganja. Hakuyang'oa, akihofia kuiharibu sauti yake.

Albamu hiyo, Queen II, ilifika nafasi ya tano Uingereza. Mwaka 1975 mkao ule ule ulirudiwa katika video ya Bohemian Rhapsody, wimbo uliokaa kileleni wiki tisa.

Mei 1991, akiwa amedhoofu kwa maradhi, alisimama mbele ya kamera kurekodi video yake ya mwisho. Alipakwa vipodozi vingi, na video ikatolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili kusitiri hali yake. Novemba 23 alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki dunia, akiwa na miaka 45.