Kaisari Frederick na Kozi

Watoto wa Butembo na Beni wanamjua mwewe. Akionekana juu ya uwanja, kuku huita vifaranga vyake, nao watoto hutoka mbio wakipiga kelele. Lakini ziko nchi ambamo watu humfundisha ndege mwingine mkali, jina lake kozi, naye huwinda kisha hurudi mkononi mwa bwana wake.

Mtu aliyechunguza sana kazi hiyo ni Kaisari Frederick II. Alizaliwa Jesi, katika Italia, mwaka 1194. Kabla ya kutimiza miaka minne alikuwa amekwisha kufiwa na baba na mama. Alikulia Palermo, katika kisiwa cha Sicilia, na mwaka 1220 Papa Honorius III alimvika taji ya ukaisari huko Roma.

Basi, mtu aliyeamuru majeshi hakuweza kumwamuru kozi. Ndege hajui kaisari ni nani. Ukimtendea vibaya, siku utakayomfungua ataruka asirudi tena. Kwa hiyo Frederick alikubali kuwa mwanafunzi. Aliita mafundi kutoka Arabuni, akajifunza kwao kumvika ndege kofia ndogo ya ngozi, yenye kumfunika macho apate kutulia.

Mtu anayeanza kazi hii, Frederick alimtaka ajitengeneze mwenyewe kwanza. Asiwe mlevi wala mwenye hasira. Asiwe na usingizi mzito, kwa maana usiku imempasa asikie kengele ndogo iliyofungwa mguuni mwa ndege. Ajue na kuogelea, kwani pengine kozi huangusha bata ng'ambo ya mto! Kisha huvaa glavu nene, humbeba ndege mpya katika chumba chenye giza, mchana na hata usiku, na kumlisha nyama kidogo kidogo huku akiimba wimbo ule ule. Polepole ndege huzoea sauti, kisha mtu, kisha mwanga.

Frederick hakuamini neno kwa kuwa limeandikwa tu, hata likiwa la Aristotle, mwenye hekima mkuu wa Wayunani. Watu walisema tai hupata mizoga kwa kunusa. Yeye alifunga macho ya tai, pua zikabaki wazi, akawawekea nyama mbele. Hawakuitambua.

Lakini uwindaji ulimponza. Mwaka 1248 alikuwa ameuzingira mji wa Parma kwa vita. Tarehe 18 Februari alikwenda kuwinda na ndege zake. Watu wa Parma wakatoka ghafula, wakachoma kambi, wakachukua hazina, taji, na kitabu chake kizuri cha ndege.

Alikufa mwaka 1250. Mwanawe Manfred alikusanya maandiko yaliyosalia, akatengeneza kitabu kingine. Nakala yake, yenye picha nyingi za ndege zilizotiwa rangi, imehifadhiwa katika Maktaba ya Vatikani.