Jean-Baptiste de La Salle: padri aliyewakaribisha walimu mezani kwake kabla ya kuwapima darasani

Walimu wengi wanaijua siku ya inspekta. Darasa linafagiliwa, madaftari ya maandalio yanajazwa usiku kucha, wanafunzi wanaonywa tangu asubuhi. Inspekta anaingia, anaketi nyuma, anaandika, anatoka. Kinachobaki ni karatasi, na mwalimu anarudi kwenye makelele yale yale aliyokuwa nayo jana.

Zaidi ya miaka 300 iliyopita, katika mji wa Reims huko Ufaransa, padri mmoja kijana alilikuta jambo hilo bila kulitafuta. Jina lake Jean-Baptiste de La Salle. Kanisa Katoliki linamkumbuka kila tarehe 7 Aprili, siku aliyofariki, na Mafurere wa Shule za Kikristo, jumuiya aliyoianzisha, walifika hadi Kongo mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi waliosoma kwao wanamjua kwa sanamu na kwa sala. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ilikwenda katika kazi ndogo isiyo na sifa: kutazama walimu wakifundisha vibaya, na kukaa nao mpaka wafundishe vizuri.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1651 katika familia ya watu wenye mali. Baba yake alikuwa hakimu. Akiwa na miaka 15 tu alipewa kiti cha kanoni katika kanisa kuu la Reims, cheo chenye heshima na mapato ya uhakika. Kunako mwaka wa 1670 alikwenda Paris kusomea upadri katika seminari ya Saint-Sulpice, lakini mama yake alifariki mwaka wa 1671 na baba yake mwaka uliofuata. Mtoto wa kwanza alirudi nyumbani kulea wadogo zake na kusimamia mali ya familia. Akapata upadri mwaka wa 1678, na miaka miwili baadaye akawa daktari wa teolojia. Mtu wa aina hiyo hakuwa na sababu yoyote ya kuingia katika shule ya watoto wa maskini.

Aliyemwingiza ni mgeni mmoja aitwaye Adrien Nyel. Nyel alifika Reims mwaka wa 1679 akitokea Rouen, na kazi yake ilikuwa kufungua shule za bure kwa wavulana maskini. De La Salle alimsaidia kwa ushauri na kwa kumjulisha kwa wakubwa wa mji, akidhani kwamba msaada wake utaishia hapo. Shule ya kwanza ikafunguliwa katika parokia ya Saint-Maurice, ya pili ikafuata katika Saint-Jacques.

Nyel alikuwa na moyo mkubwa na miguu isiyotulia. Shule moja ikisimama, yeye alikuwa amekwisha kuwaza nyingine katika mji wa pili. Walimu wake, vijana waliojua kusoma na kuandika na si zaidi, walibaki peke yao. Kila mmoja alifundisha kwa namna yake. Mmoja alipiga, mwingine aliacha watoto wafanye walivyotaka. Saa za kuanza na kumaliza hazikueleweka. Watoto walikuja leo, kesho hawaonekani.

De La Salle aliona hayo, na hapa ndipo alipoachana na desturi ya wakubwa wa wakati wake. Angeweza kuwafukuza walimu na kutafuta wengine. Watu wasio na kazi hawakukosekana. Yeye alianza kuuliza walimu hao wanaishi vipi. Akawakodia nyumba karibu na kwake mwishoni mwa mwaka wa 1679, kisha akawakaribisha kula mezani kwake, na tarehe 24 Juni 1681 akawahamishia ndani ya nyumba ya familia yake. Wakaamka kwa saa moja, wakala pamoja, na jioni wakazungumza juu ya yaliyotokea darasani.

Ndugu zake walikasirika. Kwa watu wa hali yao, mwalimu wa watoto maskini alikuwa karibu sawa na mtumishi, na sasa watumishi hao walikaa meza moja na kanoni. Wadogo zake wawili waliondolewa nyumbani. Mwaka wa 1682 De La Salle alihama na walimu wake, wakaenda kupanga katika mtaa wa watu wa chini.

Hata hivyo walimu wenyewe hawakuridhika. Aliwahimiza wamtumaini Mungu na wasihangaikie kesho. Wakamjibu bila kumficha kwamba maneno hayo ni mepesi kwa mtu mwenye cheo na mashamba. Shule zikifungwa, yeye atarudi kwenye utajiri wake, wao watabaki kuombaomba. Jibu hilo lilimchoma. Mwaka wa 1683 aliacha kiti chake cha kanoni, tena hakumwachia mdogo wake kama jamaa walivyotegemea, ila padri mmoja maskini. Mali yake ikaishia kuwa mkate kwa wenye njaa, maana miaka hiyo njaa ilipiga sana nchi ya Champagne. Tangu hapo alipomkosoa mwalimu, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui maisha ya mwalimu. Ni jambo ambalo wakaguzi wa nyakati zote wangependa kuwa nalo, na karibu hakuna aliye tayari kulilipia.

Mwaka wa 1688 aliitwa Paris, parokia ya Saint-Sulpice, ambako palikuwa na shule ya maskini katika mtaa wa rue Princesse. Alifika na mafurere wawili. Shule ilikuwa vurugu: watoto waliingia na kutoka walivyotaka, masomo hayakuwa na saa, michezo ilikuwa mingi kuliko kusoma. De La Salle hakuamuru kitu. Msimamizi alikuwa padri mwingine, na yeye alikubali kuwa chini yake. Kwa majuma kadhaa alitazama, akafundisha pale alipoambiwa afundishe, akanyamaza. Paroko alipojionea tofauti kati ya madarasa, ndipo alipomkabidhi uongozi. Mabadiliko yalianza na mambo madogo: mlango unafunguliwa saa fulani, unafungwa saa fulani, kila somo lina wakati wake.

Namna ya kufundisha iliyozoeleka wakati huo ilisaidia kuleta fujo. Mwalimu alimwita mtoto mmoja mezani, akamsomesha dakika chache, akamrudisha, akamwita mwingine. Makumi ya wengine walingoja bila kazi. Mafurere waliwapanga watoto kwa viwango, wote wa kiwango kimoja wakashika kitabu kimoja. Mmoja akisoma kwa sauti, wengine wanafuata kwa macho, na mwalimu anaweza kumgeukia yeyote. Walianza kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani mwao, wakati shule nyingi zilianzia Kilatini. Mwalimu alitakiwa kusema kidogo sana. Alishika mkononi kifaa kidogo cha kutoa mlio, na mlio mmoja ulitosha kumsimamisha msomaji. Wanafunzi wenyewe walipewa kazi: wa kuongoza sala, wa kugawa karatasi, wa kupiga kengele, wa kutunza ufunguo, wa kwenda kuuliza nyumbani kwa aliyekosa kufika.

Hayo yote yaliandikwa katika kitabu kinachoitwa Conduite des écoles chrétiennes, yaani mwenendo wa shule za Kikristo. Maandishi ya mkono ya mwaka wa 1706 bado yapo. De La Salle hakukitunga akiwa amejifungia chumbani. Mafurere waliofundisha miaka mingi walikutana naye, wakapima lililofaa na lililoshindikana, likaandikwa baada ya kujaribiwa. Ndiyo maana kurasa zake zinanuka darasa.

Chukua suala la watoto wasiohudhuria. Kitabu hakiwalaumu wazazi peke yao. Kinahesabu umaskini na uzembe wa nyumbani, lakini kinataja pia kwamba mtoto hukimbia shule kwa sababu hampendi mwalimu wake. Basi mwalimu mwenye viti vitupu anatakiwa kwanza ajiangalie. Na mwalimu mkali mno na mwalimu mlegevu mno wote wawili wanahesabiwa kuwa wameharibu darasa, kila mmoja kwa njia yake.

Juu ya walimu hao aliwekwa inspekta, mara nyingi mkuu wa nyumba ya mafurere. Huyu hakutoka mbali mara moja kwa mwaka. Aliishi na walimu, alipita darasani kila mara, na kila mwezi yeye ndiye aliyewapima wanafunzi na kuamua nani apande kiwango. Mwalimu alimtajia mapema anaowaona tayari. Kwa njia hiyo kazi ya mwalimu ilionekana katika usomaji wa watoto, na inspekta alijua mwezi ule ule wapi pana shida. Isitoshe, De La Salle alikataa kumtuma furere peke yake mahali popote. Walikuwa wawili au zaidi, madarasa yakipakana.

Kuhusu mwalimu mpya, palikuwa na mlezi wake maalumu, na kazi ya mlezi ilikuwa na pande mbili: kumwondolea kijana alichonacho kisichofaa, na kumpa asichonacho kinachohitajika. Orodha ya vya kuondolewa inaweza kumfanya mwalimu wa leo acheke kwa aibu. Ya kwanza ni hamu ya kusemasema. Kisha kuhangaika huku na huko, haraka, ukali, hasira, kupendelea watoto fulani, uvivu, kukata tamaa. Mlezi alikaa naye darasani, akamwonyesha, akamwacha ajaribu, akamrekebisha.

Walio mbali waliandika barua. Kila mwezi furere alimweleza De La Salle hali yake na hali ya darasa lake, naye alijibu mmoja mmoja. Baadhi ya majibu hayo yamehifadhiwa. Ni mafupi na hayana hotuba. Huyu anaambiwa apunguze haraka na hasira. Yule anakatazwa kumgusa mtoto kwa mkono wake. Mwingine anaulizwa kama watoto wanaongezeka na kama wanajifunza.

Isidhaniwe kwamba alifuta fimbo. Kitabu chake kinaruhusu fimbo na kibao cha kupigia kiganja, na mzazi wa leo akikisoma atakunja uso. Lakini kiliweka mipaka ambayo wakati ule ilikuwa migeni: hakuna kofi, hakuna teke, hakuna kuvuta masikio, pua wala nywele, na hakuna adhabu mwalimu akiwa na hasira. Adhabu nyingi zilihesabiwa kuwa dalili ya mwalimu asiyejua kutawala darasa.

Ndiyo maana pigo la mwaka wa 1702 lilikuwa chungu. Huko Paris mafurere wawili waliokuwa na mamlaka, mmoja akiwa mlezi wa wanovisi, waliwaadhibu vijana kwa ukali uliopita kiasi. Habari zikamfikia askofu mkuu, na aliyelaumiwa ni De La Salle. Padri mwingine akateuliwa kuchukua nafasi yake. Mafurere walikataa katakata, na jambo likamalizwa kwa maelewano ya nusunusu. Hakujitetea sana. Lakini ukweli mmoja ulibaki wazi: aliwafuatilia walimu wa watoto kwa makini, na waliowasimamia walimu wenyewe aliwaacha bila jicho la kutosha. Wakati huohuo walimu wa kuandika wa Paris, waliolipwa kwa kila mtoto, walimshitaki mara kwa mara kwa kuwanyang'anya wateja na shule zake za bure.

Alichoka. Kuanzia mwaka wa 1711 alikuwa kusini mwa Ufaransa, na huko Marseille mipango yake ilivunjika mpaka akaanza kuwaza kwamba yeye mwenyewe ndiye kizuizi. Akiwa Grenoble, alihitaji kumtuma furere mmoja Paris kwa shughuli, na darasa lake likabaki bila mtu. Daktari wa teolojia mwenye miaka zaidi ya 60 aliingia humo, akawafundisha watoto wadogo herufi. Barua ya mafurere wa Paris ya mwezi wa nne 1714 ilimwamuru arudi, kwa jina la utii aliowafundisha yeye mwenyewe. Akarudi. Mwaka wa 1717 waliomfuata walimchagua Furere Barthélemy kuwa mkuu, na mwanzilishi akaishi chini yake huko Saint-Yon, Rouen, mpaka alipofariki siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719.

Alitangazwa mtakatifu mwaka wa 1900, na mwaka wa 1950 Papa Pio wa 12 akamfanya msimamizi wa walimu wote.

Kitabu chake kilichapwa mjini Avignon mwaka wa 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sehemu za masomo, utaratibu na adhabu zilitoka zote. Ile inayoeleza kazi ya inspekta na malezi ya mwalimu mpya haikuchapwa. Iliachwa katika maandishi ya mkono, mikononi mwa wakuu, na walimu waliopimwa kwayo hawakuwa nayo.