Edward R. Murrow: Imani na Biashara katika Utangazaji

Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga ilhali uzazi ungalipo. Katika utangazaji wa Marekani, wakunga walikuwa makampuni yaliyodhamini vipindi. Maisha ya Edward R. Murrow yanadhihirisha jinsi mtangazaji aliyewapa wengine fursa ya kueleza imani zao alivyolazimika kuipima yake mbele ya wakunga hao.

Murrow alizaliwa tarehe 25 Aprili 1908 katika jimbo la North Carolina. Wazazi wake walikuwa wa madhehebu ya Quaker, yajulikanayo nchini Kenya kama Kanisa la Marafiki. Alijiunga na shirika la CBS mwaka wa 1935, akapata umaarufu kwa ripoti zake za redio kutoka London iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka wa 1940.

Kuanzia 1951 hadi 1955 aliongoza kipindi cha redio cha This I Believe, yaani Haya Ndiyo Ninayoamini. Waanzilishi wake walikuwa wafanyabiashara, akiwemo Ward Wheelock, mwenye kampuni ya matangazo. Murrow hakuwatega wageni kwa maswali. Aliwatambulisha, kisha akawaachia dakika chache waeleze misingi iliyoongoza maisha yao, bila kuhubiri wala kushambulia imani za wengine. Helen Keller, Eleanor Roosevelt na mwanamichezo Jackie Robinson ni miongoni mwa waliosikika, sambamba na wafanyabiashara na watu wasio na majina makubwa.

Zamu yake ilifika. Tarehe 9 Machi 1954, kipindi chake cha televisheni, See It Now, kilifichua mbinu za Seneta Joseph McCarthy za kuwashutumu watu kuwa wakomunisti. CBS ilikataa kukitangaza gazetini. Murrow na mwenzake Fred Friendly wakalipa dola 1,500 kutoka mifukoni mwao. Mwaka wa 1955 kampuni ya Alcoa iliacha kukidhamini, na mwaka wa 1958 kikakoma. Oktoba mwaka huo, mjini Chicago, Murrow aliwakemea wakuu wa utangazaji kwa kutanguliza faida, akapendekeza makampuni makubwa yatoe sehemu ya muda wao wa matangazo kwa mijadala ya taifa. Uhusiano wake na waajiri wake ukazidi kuzorota.

Hakuwa malaika. Yeye mwenyewe alinufaika na Person to Person, kipindi chepesi cha kuwatembelea watu mashuhuri. Aidha, mwaka wa 1955 alitangaza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, lakini hakuacha kuvuta.

Mwaka wa 1961 aliiacha CBS, akaongoza idara ya serikali iliyosimamia Sauti ya Amerika. Ni katika kipindi chake, mwaka wa 1962, ambapo idhaa hiyo ilianza matangazo ya Kiswahili. Saratani ya mapafu ilimwua tarehe 27 Aprili 1965. Aliwatukana wakunga angali akiwahitaji, na gharama yake aliilipa mwenyewe.