Garrett Morgan: fundi cherehani aliyeleta dawa ya kunyoosha nywele

Dawa ya kunyoosha nywele, inayopakwa leo katika saluni za Mchesi, jijini Lilongwe, na za kambi ya Dzaleka, ina historia inayopitia karakana ya fundi cherehani mmoja wa Cleveland, Marekani. Huyo ni Garrett Augustus Morgan.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1877 katika jimbo la Kentucky, mtoto wa watu waliopata kuwa watumwa. Mwaka 1895 alihamia Cleveland, akaishi kwa kutengeneza cherehani, na mwaka 1907 akafungua karakana yake mwenyewe. Sindano zilizokwenda kwa kasi zilipata joto na kuunguza sufu. Inasimuliwa kwamba, alipokuwa akitafuta kimiminika cha kuzitelezesha, alifutia mikono kwenye kitambaa, na baadaye akaona nyuzi zake zimenyooka. Hakukimbilia kichwa cha mteja. Alianza na manyoya ya mbwa wa jirani, akafuatia nywele zake mwenyewe, kidogo kidogo, ndipo akazipaka zote. Mwaka 1913 alianzisha kampuni ya kuiuza.

Subira hiyo ndiyo inayokosekana mara nyingi mteja anapokuwa na haraka ya harusi. Dawa nyingi za siku hizi zina alkali kali, aghalabu sodiamu haidroksaidi, ambayo hudhoofisha unywele na kuunguza ngozi vilevile. Kichwa chenye mikwaruzo au kilichofumuliwa misuko jana hakifai kupakwa. Msusi avae glavu, alinde ngozi kwa mafuta mazito, na apake nywele mpya zilizoota tu, si zile zilizokwisha kupata dawa. Mteja akilalamika kuungua, aoshwe papo hapo, hata kama dakika hazijatimia. Madirisha nayo yawe wazi, kwa kuwa harufu kali katika chumba kidogo humdhuru zaidi msusi anayeshinda humo.

Kuhusu hewa mbaya, Morgan alikuwa na mengi ya kufundisha. Mwaka 1914 alipata hataza ya kofia ya kujikinga na moshi, yenye mrija mrefu uliovuta hewa safi iliyo karibu na ardhi. Ili wazungu wainunue, alilazimika kumwajiri mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi. Tarehe 24 Julai 1916 mlipuko ulitokea katika handaki la maji chini ya Ziwa Erie. Morgan na ndugu yake Frank walivaa kofia hizo, wakaingia na kuwatoa watu. Sifa nyingi walipewa wengine. Na picha zake zilipotoka magazetini, baadhi ya wanunuzi wa kusini walifuta oda zao.

Fedha za dawa ya nywele hazikumfanya akae kitako. Mwaka 1920 alianzisha gazeti la Waamerika weusi, na mwaka 1923 akapata hataza ya alama ya kuongozea magari njia panda. Glakoma ilimpunguzia sana uwezo wa kuona kuanzia mwaka 1943. Alifariki dunia tarehe 27 Julai 1963, akiwa na umri wa miaka 86.