Joy Adamson alichora nyuso, sisi tuandike majina

Babu yangu, aliyeishi upande wa Malakisi katika Bungoma, alikuwa na kofia ya ngozi ya mbega iliyoshonewa simbi. Mwaka 1948 aliitia katika gunia, akaificha darini. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwezi Februari mwaka huo askari wa serikali ya kikoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa pale Malakisi, wakaua watu. Dini hiyo, iliyowataka Wabukusu wairudie mila ya mababu zao, ikapigwa marufuku, na kiongozi wake, Elijah Masinde, akapelekwa kizuizini Lamu. Huku Trans Nzoia, ambako wengi wa jamaa zetu walikuwa vibarua na maskwota katika mashamba ya walowezi, waumini walisakwa vivyo hivyo. Kofia ya babu haikutoka tena darini. Mchwa waliila.

Mwaka uliofuata, 1949, serikali iyo hiyo ilimwajiri mwanamke wa Kizungu azunguke nchi akiwachora Waafrika waliovaa mavazi ya mababu zao, kabla mavazi hayo hayajatoweka. Mwanamke huyo ni Joy Adamson. Wengi wetu tunamfahamu kwa ajili ya simba wake, Elsa. Mimi leo namzungumzia mchoraji, kwa maana naamini kwamba katika kazi zake zote, hii ndiyo inayotuhusu sisi zaidi, na ndiyo tuliyoishughulikia kidogo zaidi.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo ndani ya milki ya Austria na Hungaria, na ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Czech. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Victoria Gessner. Alisomea muziki, hasa piano, wala hakuna aliyemdhania kuwa mchoraji. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mtu mwenye asili ya Kiyahudi. Ulaya ilipoanza kunuka vita, mkewe alitangulia Kenya mwaka 1937 kutazama kama wangeweza kuhamia huku. Melini alikutana na Mswisi Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na ndoa ya kwanza ikafikia kikomo. Mwaka 1938 akaolewa na Bally, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy.

Uchoraji aliuanza kando ya mume huyo. Bally alikuwa akikusanya mimea na kuichora kwa rangi za maji. Siku moja mkewe alizichukua rangi zile akajaribu mwenyewe, na ikadhihirika kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake kali. Alichora mamia ya maua ya nchi yetu, na picha zake zikapamba vitabu vya mimea na kilimo cha bustani. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha wakulima wa bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell. Wakati huo alikwisha achana na Bally, na tangu 1944 alikuwa mke wa George Adamson, afisa wa wanyamapori katika wilaya za kaskazini.

Msomaji asiyapite maua hayo haraka. Anayechora ua kwa ajili ya mtaalamu haruhusiwi kupendezesha kitu. Petali zikiwa tano, sharti zichorwe tano, na jani lililotobolewa na mdudu hubaki na tundu lake. Hiyo ndiyo shule iliyomfunza Joy Adamson uhalisia. Alipotoka kwenye maua akaja kwa binadamu, alikuja na nidhamu ile ile. Ushanga aliuchora kwa rangi yake na mpangilio wake, na chale za uso mahali pake hasa. Enzi hizo kamera nyingi zilitoa picha nyeusi na nyeupe tu. Karatasi zake ndizo zilizotuhifadhia wekundu wa udongo uliopakwa mwilini na buluu ya shanga shingoni.

Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka sita. Alisafiri kutoka pwani hadi magharibi na kaskazini, akachora picha zaidi ya 500. Katikati ya safari hizo, Oktoba 1952, serikali iliyomwajiri ilitangaza hali ya hatari na kuwatia maelfu ya watu vizuizini. Hapo ndipo penye kitendawili. Mkono mmoja wa serikali uliivunja mila kwa bunduki na sheria, na mkono wa pili ukalipa ichorwe ili iwekwe ukutani. Mila iliyotundikwa ukutani haina madhara kwa mtawala, kwani haikusanyi watu wala haidai ardhi.

Tusidhani kuwa jambo hili lilianza kwetu. Huko Marekani, mchoraji George Catlin alizunguka katika nyanda za magharibi katika miaka ya 1830, akiwachora wenyeji asilia wa nchi hiyo. Mwaka 1830 serikali yake ilikuwa imepitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji kutoka ardhi zao. Mwaka 1837 ndui ikaingia kwa watu wa kabila la Mandan, ikawaua karibu wote, na picha za Catlin zikageuka kumbukumbu ya marehemu. Lakini kuna jambo moja ambalo Catlin alilifanya vyema. Aliandika majina. Mtu akizitazama picha zake leo anajua kuwa huyu alikuwa chifu fulani, na yule binti wa fulani.

Nilipozuru Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Nairobi, zilikohifadhiwa picha za Joy Adamson, nilifuatana na mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya msingi. Alisimama mbele ya mzee mmoja mwenye macho makali yaliyoingia ndani, akaniuliza mzee huyo ni nani. Nilisoma kibao. Kilinitajia kabila lake. Picha nyingi tulizozipitia siku ile zilikuwa hivyo: kabila, rika, pengine cheo. Mtoto hakuridhika, nami sikuwa na la kumwongezea. Sanaa ya uhalisia ilikuwa imetuhifadhia kila kunyanzi la uso wa mzee yule, lakini jina ambalo mamaye alimwita hatukulipata.

Yaliyofuata katika maisha ya Joy Adamson yanajulikana. Mwaka 1956 mumewe alimuua simba jike aliyemshambulia, akaleta nyumbani watoto watatu wa mnyama huyo. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama mjini Rotterdam, na Elsa akabaki, akalelewa, kisha akarudishwa porini Meru. Kitabu cha habari zake kilitoka mwaka 1960 na filamu ikafuata 1966. Kitabu chake kuhusu watu wa Kenya, kilichobeba picha nilizozitaja, kilichapishwa mwaka 1967, lakini hakikupata hata chembe ya umaarufu wa kile cha simba. Dunia ililijua jina la simba, isiyajue majina ya watu.

Waliomfahamu wameeleza kuwa alikuwa mwenye bidii isiyochoka, na pia mwepesi wa hasira na mgumu kwa waliomtumikia. Aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Kwanza ilisemekana kuwa simba ndiye aliyemuua. Uchunguzi ukaonyesha majeraha ya silaha, na mwaka 1981 mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akatiwa hatiani.

Je, tumhukumu vipi? Wapo wasemao kuwa alikuwa chombo cha wakoloni, na kwamba aliwavisha watu mavazi ya sherehe kana kwamba ndivyo walivyokwenda shambani kila siku. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mimi niliyepoteza kofia ya babu siwezi kumbeza aliyezihifadhi kofia za mababu wa wengine. Laiti angepita nyumbani kwetu kabla ya mchwa! Kosa la kutoandika majina lilikuwa la waajiri wake na la zama zake. Kosa la kuyaacha yapotee hadi leo ni letu.

Tena tunaweza kulirekebisha. Hapa Kitale tunalo jumba la makumbusho lililotokana na makumbusho ya mlowezi Hugh Stoneham, yaliyoanzishwa mwaka 1926, na ambalo limekuwa mali ya umma tangu 1974. Nakala za picha za watu wa magharibi zingeweza kuletwa hapo, na kutoka hapo zipelekwe Bungoma, Kapsokwony, Kimilili na Malakisi, zioneshwe katika masoko na shule. Wakati mzuri ni Agosti ya mwaka wa tohara, ambapo Wabukusu hukusanyika kutoka kila upande na njuga zikalia toka boma hadi boma. Yeyote atakayemtambua babu yake, shangazi yake au jirani yake, na aandikwe pamoja na jina alilolitaja.

Kazi hii haina muda wa kungoja kamati. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1950 sasa amepita miaka 90, na kila mzee anayezikwa huenda na majina kadhaa ambayo hayapo katika kitabu chochote. Joy Adamson aliyaona macho ya mzee yule akayachora jinsi yalivyokuwa. Mpwa wangu bado anangoja kuambiwa yalikuwa ya nani.