MNARA WA BUTI: SHUJAA ALIYEJIUZA MWENYEWE

Kijana mwenzangu, simama kidogo usome! Karatasi hii utaimaliza kwa dakika chache tu, lakini habari iliyomo yaweza kukuepusha na majuto ya miaka mingi.

Huko Marekani, katika jimbo la New York, mahali paitwapo Saratoga, upo mnara wa ajabu. Haukuchongwa sura ya mtu. Umechongwa buti! Ndiyo, buti la askari, la mguu mmoja tu. Uliwekwa mwaka 1887. Maandishi yake yanamsifu askari hodari aliyejeruhiwa hapo. Sasa tafuta jina lake, zunguka mbele, zunguka nyuma: hulipati! Mguu umepewa heshima, mwenye mguu hatajwi.

Ni nani huyo? Na alifanya nini hata watu wakaona haya kuliandika jina lake?

ALITOKA CHINI

Jina lake ni Benedict Arnold. Alizaliwa mwaka 1741 katika mji wa Norwich, Connecticut, wakati Marekani ilipokuwa bado koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, lakini pombe ilimmaliza. Mali ikaisha, madeni yakaingia, na kijana akatolewa shule kwa kukosa ada. Akapelekwa kwa jamaa zake kujifunza kazi ya duka la dawa.

Lakini hakulala! Alijituma mpaka akafungua duka lake mwenyewe mjini New Haven, kisha akanunua meli na kufanya biashara ya baharini. Ndani ya moyo wake kulikuwa na moto mmoja: asirudi tena kwenye aibu ile ya nyumbani kwao. Kutaka kuinuka si dhambi. Shida ni pale unapotaka kuinuka hata kama itabidi ukanyage watu.

SHUJAA WA KWELI

Vita ya kudai uhuru ilipoanza mwaka 1775, Arnold alikuwa mstari wa mbele. Mwezi Mei alishiriki kuiteka ngome ya Ticonderoga. Mwaka huo huo aliongoza watu wapatao 1,100 kupita katika mapori ya Maine kwenda Quebec. Njaa ikawabana, wengine wakarudi nyuma, wengine wakafa. Waliofika walikuwa kama 600 tu. Tarehe 31 Desemba, katika kuushambulia mji huo, akapigwa risasi mguu wa kushoto.

Tarehe 7 Oktoba 1777, huko Saratoga, alikuwa amegombana na mkubwa wake na kuondolewa kwenye uongozi. Lakini aliposikia mizinga hakuvumilia. Akapanda farasi, akaingia vitani, akawaongoza askari kuvunja ngome ya adui. Akapigwa risasi tena, mguu ule ule! Siku kumi baadaye jeshi zima la Waingereza, karibu watu 6,000, likasalimu amri. Ushindi huo ndio uliowafanya Wafaransa waingie vitani upande wa Marekani mwaka 1778.

Kama angekufa siku ile, watoto wangeitwa jina lake mpaka leo.

SAUTI TATU

Basi ni nini kilichomponza? Sauti tatu zilimjia.

Ya kwanza ni UCHUNGU. Mwezi Februari 1777 Bunge liliwapandisha cheo maofisa watano waliokuwa chini yake, yeye wakamruka. Ni kweli alionewa. Lakini sikia: baadaye mwaka huo huo alipandishwa, na baada ya Saratoga akarudishiwa hata nafasi yake mbele ya wale watano. Deni lililipwa, ila yeye aliendelea kulidai moyoni.

Ya pili ni ANASA. Mwaka 1778 alifanywa mkuu wa jeshi katika mji wa Philadelphia. Huko akaanza kutanua: karamu, gari la farasi la kifahari, jumba kubwa. Mshahara hautoshi, madeni yakamfika shingoni, na viongozi wa jimbo wakamshtaki kwa kutumia cheo chake vibaya.

Ya tatu ilitoka NDANI YA NYUMBA. Mwezi Aprili 1779 alimwoa Peggy Shippen, binti wa miaka 18. Yeye alikuwa na miaka 38. Peggy alifahamiana na ofisa mmoja wa Kiingereza, John André. Haukupita hata mwezi na kitu baada ya harusi, Arnold akamtuma mtu kwa siri kwenda kwa Waingereza. Nyaraka zilizokuja kuonekana karne ya 20 zilithibitisha kwamba mke alijua mpango wote.

Utasema, ahaa, kumbe ni mwanamke! Ngoja kwanza. Huo ni wimbo wa tangu Edeni: si mimi, ni yule. Mke anaweza kufungua mlango, rafiki anaweza kuonyesha njia, mkubwa anaweza kukutia hasira. Lakini miguu inayotembea ni yako!

Tena mtazame mwenzake, John Stark. Naye alirukwa cheo mwaka ule ule wa 1777. Akakasirika, akajiuzulu, akaenda nyumbani. Lakini nchi ilipovamiwa, alikusanya askari wa jimbo lake na kushinda vita ya Bennington mwezi Agosti. Uchungu ni ule ule, uamuzi ni tofauti!

BEI YA MTU

Mwezi Agosti 1780 Arnold aliomba na kupewa ngome ya West Point, iliyoulinda mto Hudson. Waingereza wakaahidi pauni 20,000 kama ataitoa mikononi mwao. Usiku wa tarehe 21 Septemba alikutana na André porini, akampa karatasi za siri za ngome.

Siku mbili baadaye askari wa mgambo watatu walimkamata André njiani, karatasi zimefichwa ndani ya soksi. Aliwapa saa yake, akawaahidi fedha, wakakataa. Watu wadogo wasio na cheo walikataa kununuliwa, na jenerali alikuwa ameshajiuza!

Asubuhi ya tarehe 25, Arnold akiwa mezani anapata chakula, habari ikamfikia. Akakimbilia mtoni, akapanda mashua mpaka kwenye meli ya Waingereza. Nyuma akamwacha mke na mtoto mchanga. André alinyongwa tarehe 2 Oktoba. Kijana wa watu akafa, msaliti akapona.

Akapewa pauni 6,000 hivi na cheo katika jeshi la Uingereza. Mwezi Septemba 1781 aliongoza kuuchoma mji wa New London, kilomita kama 20 tu kutoka alikozaliwa! Lakini Waingereza walishindwa vita ile. Alipohamia London hawakumpa tena jeshi la kuongoza. Alijaribu biashara huko New Brunswick, Kanada, na mwaka 1791 watu wakachoma sanamu yake mbele ya nyumba yake. Alikufa London tarehe 14 Juni 1801, akiwa na madeni. Peggy ndiye aliyebaki akiyalipa.

JE, NA WEWE?

Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Tena wakasema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kijana, labda na wewe umeonewa. Umenyimwa kazi, baba mlevi, rafiki anakuvuta kwenye dili la haraka haraka. Hayo yote ni kweli, na Mungu anayaona. Lakini siku ya hesabu hutaulizwa walikufanyia nini peke yake. Utaulizwa wewe ulifanya nini!

Arnold alikuwa na miezi zaidi ya kumi na sita, tangu barua ya kwanza mpaka ile asubuhi ya mtoni. Kila siku katika hizo angeweza kusema: nimekosa, narudi. Hakusema.

Wewe bado unazo siku. Barua yako hujaituma, au umeituma lakini mlango wa toba bado uko wazi. Geuka leo! Usije ukaacha buti likisifiwa, na jina lako halitamkiki.