Frederick Griffith na Bakteria Waliogeuka

Bila shaka umesikia habari za kichomi. Huu ni ugonjwa wa mapafu. Mgonjwa hupata homa kali, hukohoa na kupumua kwa shida. Zamani, kabla ya kupatikana dawa za kuua bakteria, kichomi kiliua watu wengi sana. Frederick Griffith, daktari Mwingereza, aliuchunguza ugonjwa huo katika maabara ya serikali mjini London.

Griffith alijua kwamba bakteria wa kichomi wako wa namna mbili. Wa kwanza wana ganda lenye utelezi, linalowakinga wasiliwe na chembe nyeupe za damu. Hao huua panya. Wa pili hawana ganda, nao hawaui.

Sasa fuata kwa makini jaribio alilolitangaza mwaka 1928. Aliwachoma panya sindano ya bakteria wenye ganda, panya wakafa. Wengine aliwachoma bakteria wasio na ganda, wakaishi. Kisha aliwaua kwa joto bakteria wenye ganda, akawachoma panya hao wafu, panya wakaishi. Mwisho alichanganya wafu wenye ganda na hai wasio na ganda. Wewe ungetazamia nini? Panya walikufa! Tena, katika damu yao alikuta bakteria hai wenye ganda.

Je, wafu walifufuka? La. Griffith alirudia majaribio yake, akatambua kwamba bakteria hai walipokea kitu kutoka kwa wafu, wakageuka. Hata wazao wao walikuwa na ganda. Lakini kitu hicho hakukijua. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliuawa kwa mabomu yaliyoangushwa mjini London.

Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili, huko New York, Marekani, walionyesha kwamba kitu hicho ni DNA, ibebayo sifa za urithi. Bakteria akifa na kupasuka, vipande vya DNA yake hutoka nje. Bakteria hai huweza kuvuta kipande ndani yake, akakiunga na DNA yake mwenyewe, na kuwarithisha wazao wake. Kwa njia hiyo baadhi ya bakteria hupata hata uwezo wa kuzishinda dawa.

Nawe, jaribio lako likileta jibu usilolitazamia, usilifute daftarini. Lirudie.

Maswali
1. Ganda humsaidiaje bakteria?
2. Kwa nini Griffith aliwachoma panya wengine bakteria wafu peke yao?